Harusi ya Daktari Ashby

Siku za mwanzo sikumpenda Mzee Mervyn, na sidhani kama yeye alinipenda. Aliletwa nyumbani kwa Kemunto, kule Fridley, na binti yake aliyekuwa na haraka, akiwa na sanduku moja, koti zito na uso wa mtu aliyeandaliwa chakula kilichochacha. Kemunto ni Mkisii, muuguzi, aliyegeuza nyumba yake kuwa makao ya wazee wachache. Mimi ni mfanyakazi wake. Naitwa Tumsifu, natoka Machame, na nilikuja Minnesota kusomea uchumi. Nikaishia kuogesha wazee, kama nusu ya watu ninaosali nao, na mtu asiniulize uchumi ulikwenda wapi.

Mzee hakuwa na sauti. Alipata saratani ya koo, madaktari wakaondoa sehemu yote inayotoa sauti, wakamwachia tundu la kupumulia chini ya shingo. Walimpa na kifaa cha kuongelea, kitu cha ukubwa wa tochi: unakibana shingoni, unatamka kwa mdomo, nacho kinanguruma maneno yako. Kinachotoka hakina umri, si cha mwanamume wala mwanamke. Alikichukia, akakificha ndani ya soksi. Akitaka kitu alichezesha midomo tu, na asiyeelewa shauri yake. Wenzangu walimchoka upesi. Mimi ni mbishi, nikasema huyu mzee hanishindi, nikawa namkodolea macho mdomoni kila siku mpaka nikaanza kumsoma. Neno la kwanza nililomsoma lilikuwa tusi kuhusu uji wangu.

Kuanzia hapo tukawa marafiki, kama inawezekana kuwa rafiki wa mzee mkorofi. Nikimnyoa au nikimkanda miguu, yeye ananisimulia kwa midomo yake mitupu, nami namkatiza nikipotea.

Alizaliwa Broken Hill, mji wa migodi huko Australia, mbali na kila kitu. Baba yake alikuwa mchimbaji. Mama yake alikuwa na redio, na majirani walijazana sebuleni kuisikiliza. Alipokuwa kijana akatorokea Melbourne, akapata kazi ya kuigiza redioni. Enzi hizo nchi nzima iliacha kufua na kupika ili isikilize mchezo wa robo saa. Waigizaji walisimama kuzunguka kipaza sauti kimoja, karatasi mkononi, na ukimaliza ukurasa unauachia udondoke wenyewe kwenye zulia, kwa sababu ukiufunua, mchakacho wake unasikika hadi vijijini. Alinionyesha kwa gazeti la matangazo ya maduka. Kurasa zikashuka mojamoja bila kelele hata kidogo. Nikamwambia vizuri sana, sasa ataziokota nani?

Akaja kuwa Daktari Ashby. Mchezo uliitwa Nyumba ya Daktari Ashby, na huyo daktari alikuwa mtu mpole wa kijijini aliyekuwa anakaribia kumwoa muuguzi wake, Ellen, miaka nenda miaka rudi. Kila akikaribia, kinatokea kitu. Mara mafuriko, mara moto wa msituni, mara anafufuka mke wa zamani aliyedhaniwa amekufa. Wanawake walimsimamisha Mzee njiani wamweleze vidonda vya miguu yao, naye aliwasikiliza, akawashauri waoshe kwa maji ya chumvi. Aliniambia kwamba hajawahi kupendwa hivyo tena na mtu yeyote, hata marehemu mkewe.

Televisheni ilipoingia, ikamtazama usoni, ikaona hamna kitu. Walimpa nafasi za majambazi katika mchezo wa polisi. Alipigwa risasi wiki hii, na baada ya miezi akarudishwa na masharubu mengine apigwe tena. Kanda zilikuwa adimu, kwa hiyo walirekodi mbio za farasi juu ya michezo hiyo, na kazi yake yote ya televisheni ikafutika. Kisha akampenda Joan, mwalimu wa Kimarekani aliyekuwa anafundisha kule, akamfuata mpaka Saint Paul. Huku alijaribu majumba ya maigizo, wakamsifu, wakamwuliza lafudhi hiyo ni ya wapi, wakamshukuru kwa kuja. Akapata kazi ya kuuza rangi za nyumba katika duka moja la Roseville. Aliuza rangi mpaka akastaafu.

Binti yao wa pekee, Margaret, alikua na baba muuza rangi. Anafanya kazi ofisi ya bima mjini Minneapolis, mwanamke nadhifu, si mbaya, lakini alikuwa anakuja mara moja kwa mwezi na kutazama saa tangu anapovua viatu. Siku moja Mzee alikuwa ananisimulia habari za Melbourne, na Margaret akaona midomo inavyokwenda.

“Anakuambia habari za redio?” akaniuliza. Akamgeukia baba yake. “Baba, tafadhali, si tena hiyo.” Kisha akaniambia, mbele yake, kama vile mtu asiye na sauti hana na masikio, “Mama alikuwa anasema huenda alikuwa anabeba nyaya pale kituoni. Hatujawahi kusikia hata neno moja la huyo daktari.”

Nilitaka kumjibu ninavyojua mimi kujibu, lakini Kemunto alinitolea jicho kutoka jikoni. Mzee akageukia dirisha. Margaret alipoondoka, akanishika mkono wa sweta na kutamka polepole ili nisikosee. Alitaka binti yake amsikie. Mara moja tu, kabla hajafa. Si ile sauti ya video za Krismasi zilizomo kwenye simu ya Margaret, maana koo lilikuwa limeshaanza kukwaruza. Alitaka aisikie ile iliyofanya watu waache kufua.

Basi nikajipa kazi. Niliandikia maktaba na nyumba za kumbukumbu za Australia, na zote zikanijibu kwa adabu kubwa kwamba hazina kitu. Nilikuwa nasoma jibu la mwisho jikoni, nimefura, Kemunto akaninyang'anya simu.

“My dear, hawa watu wa ofisi unawaandikia watakusaidia na nini? Wacha niulize wasichana.”

Wasichana ni kundi lake la WhatsApp, wanawake wa Kenya wanaolea wazee duniani kote. Wako Leeds, wako Doha, wako Calgary, na yuko mmoja anaitwa Jeptoo, Melbourne. Huyo Jeptoo alikuwa analea mzee kipofu ambaye nyumba yake imejaa kanda za redio za zamani hadi chooni. Mwaka mzima alikuwa anawalalamikia wenzake vumbi la zile kanda. Hazikupita wiki mbili, Kemunto akanipigia simu nikiwa njiani kwenda kazini, anapiga kelele kama aliyeshinda bahati nasibu.

“Tumsifu! Ako! Jeptoo amempata! Amesikiliza tu pale mwanzo, announcer anasema Mervyn Tregenza, jina lote. Ameni-send-ia sai hivi.”

“Dada, usiicheze. Nakuja tuisikilize.”

“Hakuna mtu kusikiliza. Tunafanya surprise. Zawadi ya mtu unafungua wewe? Kwenu Machame ndio mnafanya hivyo?”

Nikakubali, kwa sababu hata kwetu Machame hatufanyi hivyo. Na niseme ukweli, nilifurahi mno hata sikuwa na akili ya kubishana.

Kemunto hajui kufanya kitu kidogo. Jumapili baada ya ibada, theluji imejaa hadi kwenye vioo vya magari, nusu ya kanisa lake ilikuwa sebuleni. Palikuwa na pilau, chapati, mbuzi wa kuchoma aliyetoka kwa Msomali wa Minneapolis. Mumewe, Griffins, anaendesha basi la mji siku za kazi, na mwisho wa wiki ndiye mshereheshaji wa kila shughuli ya Wakenya. Alivaa suti. Mchungaji aliomba mpaka wali ukapoa. Mzee alikaa kwenye kiti chake na kitambaa shingoni, ananiuliza kwa midomo nani amekufa. Margaret alikuwa ameambiwa ni sherehe ndogo ya baba yake, akakaa ukingoni mwa kochi na koti lake mapajani. Alitazama saa mara nyingi.

“Wageni waheshimiwa, all protocols observed,” Griffins akaanza. “Sisi tuko na celeb hapa kwa hii nyumba na hatukujua. Mzee Mervyn, Margaret, hii imetoka Australia. Jeptoo, wherever you are, Mungu akubariki.”

Akabonyeza simu, na spika kubwa ya kanisa ikaanza kulia kinanda. Halafu mtangazaji, kwa Kiingereza cha zamani kilichopigwa pasi, akasema hii ni Nyumba ya Daktari Ashby, na anayeigiza Daktari Ashby ni Mervyn Tregenza.

Mzee alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Kisha sauti ikaingia. Sijui niielezeje. Ilikuwa nzito bila kukandamiza, yenye subira, sauti ya mtu anayevuta kiti akakaa karibu na kitanda chako. Nilielewa wale wanawake na vidonda vyao. Uso wa Mzee ukafunguka, akafumba macho, akatabasamu mpaka meno yakaonekana, na mimi nilikuwa sijawahi kuyaona ila ninapoyapiga mswaki. Nikamtazama Margaret. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, na koti limeanguka sakafuni.

Katika mchezo zikasikika kengele za kanisa. Ellen alikuwa anasaidiwa kuvaa gauni, anacheka na kulia. Mkono wa Mzee ukalegea, ukaniachia. Nilidhani amezidiwa na furaha. Kasisi akauliza swali lake, Daktari Ashby akajibu kwamba ndiyo, anakubali, na Kemunto hakuweza kujizuia, akapiga kigelegele. Wanawake wote wakamfuata. Tukamwozesha Daktari Ashby kwa vigelegele vya Kisii na vya Kichaga, mtu mmoja akarusha hata mchele uliokuwa haujapikwa.

Margaret alipiga magoti kwenye zulia, akaweka kichwa mapajani pa baba yake. “Nisamehe, Baba,” alisema. “Nilidhani unatunga. Maisha yangu yote nilidhani unatunga.” Mzee akawa anampapasa nywele, huku anatazama ukutani juu ya vichwa vyetu. Hakuna aliyebaki na macho makavu. Hata Griffins alijipangusa kwa tai.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nampaka povu la kunyolea, namtania, namwita bwana harusi. Akaniashiria soksi. Nikafikiri sikuelewa. Akaiashiria tena. Nikampa, akakitoa kile kifaa, akakibana shingoni juu ya povu.

“Si mimi,” kikanguruma.

Nikamwuliza si yeye nini.

“Yule. Si mimi. Nilimwacha Ashby hajaoa.”

Alinieleza kwa kipande kipande, kifaa kinateleza kwenye povu. Alipoamua kumfuata Joan Amerika, alidhani watamuua daktari, au watampeleka mbali. Hawakufanya hivyo. Walitafuta kijana aliyeweza kumwiga, wakamweka kwenye kipaza sauti, na jina la Mervyn Tregenza wakaliacha kinywani mwa mtangazaji kwa sababu wasikilizaji walilipenda. Yule kijana ndiye aliyemwoa Ellen. Jina lake halikutajwa hata siku moja. Mama yake Mzee, kule Broken Hill, aliendelea kusikiliza mpaka kifo. Alimwandikia mwanawe Saint Paul kwamba umbali haumuumizi sana, maana bado anamsikia kila asubuhi. Mzee hakuwa na moyo wa kumweleza.

“Pengine wewe ndiye umesahau,” nikamwambia. Nilikuwa nataka sana iwe hivyo. “Ni zamani. Na sauti ni yako, hata mimi naona ni yako, inakufanana.”

Akatikisa kichwa. “Hata mimi,” kifaa kikasema. “Nilidhani ni mimi. Mpaka zile kengele.”

Povu lilikuwa linamkauka shavuni. Kisha akasema kitu ambacho ningependa nisingekisikia. Alisema kwa miaka yote hiyo alikuwa anaamini kwamba akiisikia sauti yake, ataijua. Kwamba watu waliosikiliza kwa makini walijua yule kijana si yeye, ila waliona haya kusema. Sasa alikuwa ameketi na sauti ya mtu mwingine, akaifurahia kama yake.

Hasira zikanipanda, na mimi zikinipanda siwezi kukaa. Nilimwambia namtafuta Margaret leo hii, namweleza, na Jeptoo atatafuta kanda nyingine hata kama ni kuchimba choo cha yule kipofu. Mzee alinidaka aproni.

“Ukimwambia, nabaki nani? Muuza rangi,” kikanguruma. “Jana aliposikia, hakutazama saa tena. Niahidi.”

Nikaahidi. Nilimwandikia Jeptoo, nikajifanya tunataka nyingine ya kuongezea utamu. Alijibu kwamba amepekua zote, mzee wake ana hiyo moja tu ya Ashby, tena alimwuliza mwenyewe na amethibitisha. Basi. Ile sauti iliyotoka Broken Hill haikuwepo tena popote duniani, wala kooni mwa mwenyewe.

Margaret akaanza kuja kila Jumapili. Analeta maua, analeta supu, anamkata baba yake kucha, kazi ambayo zamani hata kuitazama hakuweza. Kemunto alikuwa ananipiga kiwiko. “Umeona? God is faithful.” Mimi nilikuwa naenda kufua mashuka. Kwa sababu kila Jumapili, supu ikiisha, Margaret anatoa simu yake, anaegemea bega la baba yake, na kucheza ile harusi. Aliifahamu yote kwa moyo. Akaanza pia kumwuliza maswali. Ulikuwa na wasiwasi siku hiyo? Huyo Ellen alikuwa mzuri? Siku moja nilikuwa nakunja nguo hapohapo, akamwuliza, “Uliposema unakubali, ulikuwa unamfikiria Mama?”

Mzee akaitikia kwa kichwa. Margaret akalia, akambusu. Nilitoka nje bila koti, nikasimama kwenye baridi kama mwendawazimu, nikimlaani yule kijana wa Melbourne asiye na jina, ambaye huenda naye alikwisha kufa bila mtu kujua kwamba aliwahi kuigiza chochote.

Saratani ilirudi theluji ilipoanza kuyeyuka. Mzee akakataa kurudishwa hospitali. Akakataa chakula pia, na nilipomlazimisha hakunitukana, na hilo ndilo lililonitisha. Kile kifaa hakukigusa tena. Hata midomo aliacha kuichezesha, nikawa sina cha kusoma.

Siku yake ya mwisho ilikuwa asubuhi yenye jua, maji yanachuruzika kutoka paani. Margaret alikuwa amekaa kitandani upande wa dirisha tangu alfajiri. Pumzi ilikuwa inaingia na kutoka kwenye tundu la shingo kwa shida, nami nilikuwa nalisafisha taratibu. Margaret akatoa simu.

“Nataka aondoke akijisikia,” akaniambia. Akaiweka kwenye mto, karibu na sikio lake.

Kinanda kikaanza. Mzee alifungua macho. Kwa nguvu zote zilizobaki akageuza kichwa, akaipa simu kisogo, akaelekea ukutani. Margaret akadhani sikio hilo halisikii vizuri. Akazunguka kitanda, akaiweka upande wa pili. Mzee akageuka tena. Ilimchukua muda mrefu. Margaret naye akazunguka tena, akapiga magoti, akaishika simu kwa mikono yote miwili karibu na uso wake, mashavu yamelowa.

Mzee alinitazama. Sikuhitaji midomo.

“Margaret,” nikasema, “labda tumwache apumzike.” Nikanyoosha mkono nichukue simu.

Akanishika kifundo cha mkono, bila ubaya. “Tafadhali, Tumsifu. Ndicho kitu pekee nilichonacho chake.”

Neno lilikuwa limefika kwenye meno yangu. Nilimtazama huyu mwanamke aliyempata baba yake miezi mitatu kabla ya kumpoteza, nikamtazama baba mwenyewe, na sikujua nimwokoe nani kwa kumuua nani. Niliushusha mkono wangu. Mzee aliona naushusha, akafumba macho.

Kengele zikalia. Kasisi akauliza, yule kijana akajibu kwamba anakubali, na mahali fulani kati ya kiapo na kinanda cha mwisho nikaona tundu la shingo limetulia. Margaret alikuwa hajajua. Mtangazaji alisema Daktari Ashby ameigizwa na Mervyn Tregenza, na Margaret akainama akamnong'oneza sikioni, “Umesikia, Baba? Ni wewe.”